Mshikio wa Dumu la Nanzia

Turubai lilipoteremshwa na wageni wa mbali wakapanda mabasi kurudi makwao, uani kwa Nakiete kulibaki rundo la vyombo lisilo na mwenyewe. Ndivyo misiba ya kijiji kile ilivyokuwa. Kila nyumba ilileta beseni zake, ndoo zake, madumu na vikombe, na kila mama aliamini kwamba vya kwake angevijua hata akifumba macho. Siku ya kuvitenganisha ikawa siku ya mabishano ya chinichini. Watu walivutana beseni kwa adabu, maana mfiwa mwenyewe alikuwa amekaa palepale kizingitini, kanga kajifunika hadi puani.

Enzi za nyanya zao, vyombo vilitiwa alama ya rangi ya kucha. Siku hizi mtu alikishika tu chombo akasikilizia vidole vyake vinakaaje. Plastiki tiifu ilimfuata anayeitumia. Kiti kilibonyea kwa mgongo wa mkaliaji, ndala zilichukua mkanyago wa mguu, na kikombe kilichimbika taratibu pale vidole viliposhika siku hadi siku. Plastiki mpya haikutengenezwa tena popote duniani tangu Nakiete alipokuwa msichana. Iliyokuwapo ilichimbwa kwenye majalala ya zamani, ikayeyushwa, ikatiwa utii, na kila aliyezaliwa akapewa fungu lake la kutumia mpaka kufa. Akishakufa, fungu lilirudi kituoni likayeyushwe kwa ajili ya mwingine. Wafiwa waliruhusiwa kubaki na kitu kimoja tu, wakichague wenyewe.

"Hiki si changu, dole gumba langu halipati pa kukaa," Mama Kiondo alisema, akaweka kikombe pembeni. Yeye ndiye aliyekuwa jemadari wa jikoni tangu siku ya kwanza ya msiba, na ndiye aliyemwosha marehemu. "Mama Nanzia, hebu kishike wewe. Nadhani ni cha mtoto."

Nakiete alikipokea. Kilikuwa cha binti yake Nanzia kweli, chekundu, kimemeguka mdomoni. Alikishika kama Nanzia alivyokuwa akikishika, kwa viganja viwili, na hakumkuta. Kilikuwa kimelainika kote, hakina umbo la mtu yeyote. Watu wangapi walikuwa wamenyweshwa chai kwa kikombe kile?

Akainuka, akaanza kupekua. Ndala za Nanzia zilikuwa mlangoni pa choo, na kwa kuwa hakuna mgeni wa msiba anayekwenda chooni kwa viatu vyake, zilikuwa zimepita miguuni mwa ukoo mzima. Zilikuwa bapa. Kitana chake, shangazi mtu alikiazima akachania nywele, akampa mwenzake, mwenzake akampa mwingine. Kigoda chake cha kufulia walikikalia wapika wali kwa zamu. Nanzia alikuwa na miaka ishirini na miwili, homa ilimshika kichwa na shingo Jumapili na Jumatano wakamzika, na sasa hata vile alivyoviacha vilikuwa vimefutwa. Vilifutwa na watu waliokuja kumsaidia mama yake. Hakuna aliyekosea. Wangefanyaje, wakae msibani mikono mifukoni? Yeye mwenyewe alikwishafanya hivyo hivyo kwenye misiba isiyo na idadi. Lakini pale uani, akiwa na kitana mkononi, Nakiete aliwachukia wote, akamchukia na Mama Kiondo aliyekuwa akimfagilia ua.

Ndipo akaliona dumu. Lilikuwa limesukumwa nyuma ya tangi, la njano lililochujuka, na ndani lilikuwa kavu.

"Hilo tumelishindwa," alisema Mama Kiondo. "Ukilibeba linakung'ata mkono. Wasichana wote wamelijaribu wakalitupa hapo."

Nanzia alikuwa mashoto. Mshikio wa dumu lake ulikuwa umejipinda kwa mkono wa kushoto kwa miaka mingi, na nyumba nzima ilimtania kwamba ni mchoyo wa dumu, kumbe hakuna aliyelitaka. Nakiete aliushika kwa mkono wa kulia na mshikio ukamuuma. Akabadili. Vidole vyake vya kushoto viliteleza vikaingia kwenye vijishimo vinne, vyembamba kuliko vidole vyake, na kidole gumba kikapata mahali pa kupumzika. Alikuwa ameshikana mkono na mwanawe. Alikaa chini kwenye vumbi, na Mama Kiondo akawafukuza watoto waliokuwa wakitazama.

* * *

Kituo cha kuyeyushia kilikuwa karibu na machimbo ya jasi, na kila kitu pale kilikuwa cheupe kwa vumbi, hadi kope za fundi. Fundi Senkoro alikuwa mtu wa makamo mwenye mdomo mzito. Kazi ya kupokea vitu vya wafu ilikuwa imemfundisha kusema machache.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Pole sana. Viweke hapa, tutakwenda navyo kimoja kimoja."

Alivipitisha kwenye kisomeo, sanduku lenye mdomo mpana na kioo juu yake. Kisomeo kilipima jinsi plastiki ilivyojipanga ndani na kuchora kwenye kioo mwili ulioifinyanga. Kikombe kilitoa ukungu mtupu. Ndala zikatoa ukungu. Kitana kikatoa mistari iliyokatana, isiyo na mwanzo wala mwisho.

"Vimechanganyika," alisema Senkoro. "Hivi vinafaa kwa beseni na ndoo."

"Najua."

Alipofika kwenye dumu aliingiza upande wa mshikio, na kiooni ukajitokeza mkono. Ulikuwa mkono wa kushoto, mwembamba, umekunja vidole, unaonekana hadi mikunjo ya vifundo. Nakiete alishika meza. Senkoro naye alisogeza uso karibu na kioo.

"Nina miaka mingi kwenye kazi hii," alisema fundi. "Kitu cha mkono mmoja sijakiona tangu sikumbuki lini. Hapa kwetu kila kitu ni cha wote. Dumu la mama analibeba mtoto, kikombe cha baba anakinywea mgeni. Plastiki haipati nafasi ya kumzoea mtu. Inayomzoea mtu mmoja hasa inakuwa laini ajabu, ukiiyeyusha kwa joto dogo ukampa mtu mwingine, inamfuata siku hiyo hiyo. Ile ya kawaida inataka miezi. Ndiyo maana hii huwekwa kwa ajili ya vifaa vya mwilini, vidole vya bandia na vitu kama hivyo."

"Mimi nimechagua kubaki nayo," Nakiete akasema upesi. "Sheria inasema kitu kimoja."

"Inasema hivyo, mama. Hakuna wa kukunyang'anya."

Alichukua msumeno mdogo akaukata mshikio kutoka kwenye dumu, akasugua ncha zake zisikwaruze, akampa. Nakiete aliutia mkono wa kushoto papo hapo, akaukumbatia kifuani.

"Usimpe mtu mwingine kuushika," Senkoro alimwonya. "Mikono mingine itaufuta."

"Hatauona mtu."

Senkoro alifungua mdomo kama mwenye neno la pili. Akamtazama yule mama alivyojikunja juu ya kile kipande cha plastiki, akaliacha lile neno. Alimsindikiza hadi barabarani akarudi kazini.

* * *

Nakiete hakumpa mtu. Katika hilo alikuwa mkali kuliko askari wa benki. Dada yake alipokuja kumtazama, mshikio ulikuwa umefungwa ndani ya kitenge, na mchungaji alipokuja kumwombea ulikuwa chini ya mto. Lakini wakishaondoka aliutoa. Alipika kwa mkono wa kulia, akafagia kwa mkono wa kulia, akala kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ulikuwa na kazi moja tu. Alilala nao. Akiamka vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Siku za mwanzo palikuwa na kasoro ndogo. Vijishimo vilimbana, na mahali pa dole gumba palikuwa juu mno kwake. Baadaye kasoro hizo zikaanza kuisha. Kila siku mkono wa Nanzia ulizidi kumkaa, mpaka ikawa akiushika hausikii kama kitu cha kigeni hata kidogo. Alidhani mwanawe anamkaribia. Alimweleza habari za nyumbani, kwamba mbuzi mweusi amezaa, kwamba bomba limekatika tena, kwamba amemsamehe ile siku waliyogombana juu ya yule kijana wa Hedaru. Alijua akili yake haiko sawasawa. Hakujali, maana ile ndiyo faraja pekee aliyokuwa nayo.

Mama Kiondo aliendelea kuja asubuhi na uji wake wa ulezi. Alikuwa jirani wa namna hiyo, anayekuja bila kuitwa na kuondoka kabla hajachosha. Lakini siku hizi alikuwa akifika amechelewa, macho yamevimba, na akiulizwa anasema ni moshi. Binti yake Niendiwe alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, na Nakiete alikwishasikia vigelegele vikipigwa upande ule. Vilipigwa vichache, vikakatika. Hakuuliza. Mtu aliyezika hatarajiwi kuuliza habari za waliojifungua, na ukweli ni kwamba hakutaka kusikia furaha ya mtu.

Kisha Fundi Senkoro akaja, vumbi jeupe likiwa bado nyweleni.

Alikaa kwenye kiti alichopewa, kikamkataa, akajisogeza ukingoni. Akaulizia afya, akaulizia mbuzi. Mazungumzo yalipomwishia akasema, "Mama, mjukuu wa Mama Kiondo amezaliwa kaakaa limepasuka. Mdomo pia, lakini mdomo si neno. Kaakaa ndilo linalomuua. Hawezi kunyonya, maziwa yanatokea puani. Wanamlisha kwa kijiko, na anachopata hakitoshi. Hospitali ya rufaa wamesema watamshona, ila mpaka afikishe uzito, na uzito haupandi, unashuka."

"Maskini," alisema Nakiete, na mkono wake wa kushoto ukajificha ndani ya kanga.

"Ipo chuchu ya chupa inayoweza kumsaidia. Inaingia mdomoni, inaziba ule ufa yenyewe, inafuata kila anavyovuta. Inatakiwa plastiki ya mkono mmoja. Ya kawaida ingehitaji miezi kumzoea, naye hana miezi."

"Tafuteni."

"Tumetafuta. Nimepita nyumba zote, na vituo vya jirani nimewapigia. Mzee Charema amejitolea meno yake ya bandia." Senkoro alijaribu kutabasamu. "Aliyatoa palepale akaniwekea mkononi. Nimemrudishia, yametengenezwa kwa plastiki nyingine kabisa, lakini tangu siku hiyo ananuna, anasema nimemdharau."

Nakiete hakucheka. "Mama Kiondo ndiye aliyekutuma."

"Hajui kama nimekuja. Angejua angenitimua kwa mchi. Amenikataza hata kulitaja jina lako."

"Kwa hiyo mmekaa mkaona mwanangu hakufa vya kutosha, ayeyushwe."

"Mama."

"Nilikuwa naye mmoja. Nyumba ilijaa watu wa kunisaidia, wakanisaidia mpaka hakubaki kitu. Kimebaki hiki. Na hiki nacho mnakitaka?"

"Siwezi kukulazimisha," alisema Senkoro. "Sheria iko upande wako, na hata isingekuwa, nisingeweza. Nimekuja kukueleza tu ili usije ukasikia baadaye kwa watu."

"Nimesikia. Nenda, baba."

Alipoondoka, Nakiete alibaki na hasira, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na aibu aliyoitambua vizuri sana. Mtoto wa watu alikuwa akifa njaa hatua chache kutoka kwake. Yeye alikuwa na dawa mkononi, na hakutaka kuitoa.

* * *

Asubuhi Mama Kiondo alileta uji kama kawaida.

"Umenificha mjukuu," Nakiete alimwambia kabla hata hajautua.

Mama Kiondo aliuweka chini, akajifuta mikono kwenye kanga bila sababu, maana ilikuwa mikavu. "Ningekwambia nini, Mama Nanzia? Wewe unamlilia wa kwako uliyemzika. Mimi nije nikulilie wa kwangu aliye hai?"

"Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi sisi?"

"Hivyo ndivyo nilivyoona ni heshima."

Nakiete aliingia ndani, akafungua sanduku akatoa doti ya kanga na mche wa sabuni. Mzazi hatembelewi mikono mitupu, hata na mfiwa. Akamfuata Mama Kiondo kwa nyuma.

Niendiwe alikuwa amekaa mkekani, mtoto kamlaza kwenye mapaja akiwa ameinuliwa kichwa, kikombe cha maziwa aliyoyakamua mwenyewe kiko pembeni. Alikuwa na umri wa Nanzia. Walisoma darasa moja. Alidondosha maziwa kijikoni, akayapeleka nyuma ya ulimi, akasubiri. Mtoto alikabwa, akakohoa, maziwa yakachuruzika puani. Niendiwe aliyafuta, akadondosha tena. Kazi ile haikuwa na mwisho, na alikuwa akiifanya mchana na usiku. Ngozi ya mtoto ilikuwa imelegea mapajani, ikifanya mikunjo ya mzee.

"Karibu mama," Niendiwe alisema. "Samahani siwezi kuinuka. Leo ameweza, mama. Tangu alfajiri amemeza kijiko kizima."

Alilisema kwa fahari, kama mama mwingine anavyosema mtoto wake ameshika namba ya kwanza. Nakiete aliweka kanga na sabuni pembeni ya mkeka. Alitafuta maneno ya pongezi, akayapata, akayasema. Hakuna aliyemwomba chochote. Mama Kiondo alimletea chai, Niendiwe akampa pole ya msiba na kumwambia kwamba Nanzia ndiye aliyemfundisha hesabu za mafungu, wala hakuna mmoja aliyeutazama mkono wake wa kushoto, ingawa ulikuwa umefungwa kanga kama mkono uliovunjika. Kama wangemwomba, angeweza kukasirika, na akikasirika angeweza kukataa.

Nyumbani aliufungua mshikio akakaa nao uani. Alijaribu kujitetea. Pengine mtoto asingepona hata kwa hiyo chuchu. Pengine vituo vya mbali vingepata plastiki nyingine wiki ijayo. Pengine Mungu. Kila alipofika mwisho wa utetezi mmoja alimwona Niendiwe na kijiko chake. Akajiuliza Nanzia angesemaje, akaona hilo nalo ni kujidanganya, maana wafu hawaulizwi na jibu atalitoa yeye mwenyewe. Ilikuwa juu yake. Ama abaki na mwanawe kwa jinsi pekee iliyobaki, ama amwachie mtoto wa mwenzake apate kuishi, na baada ya hapo nyumba hii iwe tupu kweli.

Alilia mpaka machozi yakaisha. Halafu akapiga moyo konde, akaoga, akavaa gauni la kanisani. Njia nzima ya kwenda kituoni aliushika mshikio kwa nguvu, akimuaga Nanzia kwa sauti ya kawaida, kama anamsindikiza stendi.

* * *

"Fanya haraka," alimwambia Senkoro. "Nisije nikageuka."

Senkoro hakumwuliza mara mbili. Alimtuma mtu akamwite Mama Kiondo na binti yake, akawasha tanuri dogo, akauingiza mshikio kwenye kisomeo kuukagua. Akatazama kioo. Akautoa, akaupangusa, akauingiza tena.

"Umeharibika?" Nakiete aliuliza.

"Hapana, mama. Ni wa mkono mmoja. Ni laini kuliko hata ulivyokuwa. Utafaa kabisa." Lakini alisema akiangalia tanuri.

"Basi geuza hicho kioo nimwone. Mara ya mwisho."

"Mama, moto umeshakuwa tayari."

"Geuza, baba."

Aligeuza. Mkono ulikuwapo, wa kushoto, umekunja vidole, na Nakiete aliinama kuuaga. Akasita. Vidole vilikuwa vinene kuliko alivyovikumbuka. Kifundo cha dole gumba kilikuwa kimevimba, kama cha mtu aliyekwishakula chumvi nyingi. Na kwenye shina la kidole cha pete palikuwa na mfereji mwembamba uliozunguka.

"Hii nini?"

"Ni alama ya pete," Senkoro alisema polepole.

"Nanzia hakuwa na pete."

Nakiete aliutazama mkono wake mwenyewe ukiwa juu ya meza, pete ya marehemu mumewe ikiwa imezama kwenye nyama miaka yote hii, na kifundo chake kilichovimba. Akaunyanyua akauweka mbele ya kioo. Mistari ililingana yote.

"Tangu lini?"

"Siwezi kujua. Pengine wiki ya pili tu. Wengine hushika dumu pale wanapobeba maji, wakalitua. Wewe uliushika mchana kutwa na usiku kucha. Miaka ya mtu mwingine, wewe umeimaliza kwa siku chache."

"Uliniambia nisimpe mtu mwingine."

"Ndiyo, mama."

"Hukuniambia na mimi nisiushike."

"Nilitaka," alisema Senkoro, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nilikuona ulivyoukumbatia, nikakosa moyo. Nikadhani, hata akiufuta, atakuwa amepata siku mbili tatu. Nisamehe."

Nakiete alikaa kwenye benchi. Zile siku ambazo mshikio ulianza kumkaa vizuri, akashukuru Mungu kwamba mwanawe anasogea karibu, ndizo siku Nanzia alipokuwa akiondoka. Alimfukuza yeye mwenyewe, kwa kumpenda, kidole baada ya kidole. Zile habari za mbuzi na bomba alimsimulia nani? Ule msamaha ulikwenda kwa nani? Alikuwa amelala usiku wote ule ameshika mkono wake mwenyewe. Na ile safari ya leo, ule ujasiri wote alioukusanya ili amtoe mwanawe, hakuwa na mwana wa kumtoa. Uchungu uliompata pale benchini ulizidi ule wa makaburini, kwa sababu makaburini alikuwa na wa kulaumu, kuanzia homa hadi madaktari.

"Mama," Senkoro aliuliza, "tuache?"

"Tuache kwa nini? Mtoto bado ana njaa." Akafuta uso kwa kanga. "Yeyusha."

Aliusikia ukilainika kabla hajauona, harufu yake ndogo ya nta, kisha ukaanguka kwenye kikombe cha chuma ukawa tone la njano. Senkoro alilimimina kwenye kalibu, akalipoza kwa maji, akalisugua. Ilitoka chuchu ndogo yenye bawa pembeni, laini kiasi cha kutikisika kwa pumzi.

Mama Kiondo na Niendiwe walifika wakihema, mtoto kafunikwa asipatwe na vumbi la jasi. Maziwa yalitiwa kwenye chupa. Mwanzoni mtoto alikabwa kama kawaida yake, na Niendiwe akafumba macho. Kisha lile bawa likajikunja, likajilaza juu ya ufa wa kaakaa, likatulia. Mtoto akavuta. Akameza. Puani hakukutoka kitu. Akavuta tena, safari hii kwa pupa, na mle kituoni haikusikika sauti nyingine isipokuwa ya kumeza kwake.

Mama Kiondo alipiga magoti mbele ya Nakiete, akamshika miguu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa mtu.

"Nanzia ndiye anayemlisha," alisema akilia. "Nilimwosha kwa mikono yangu hii, na leo mkono wake unamlisha mjukuu wangu. Sitasahau, Mama Nanzia. Na huyu nitamwambia akikua. Mkono wa Nanzia."

Senkoro aliinamisha kichwa akajifanya anafuta kalibu. Nakiete alimtazama jirani yake pale chini. Angeweza kumwambia. Ukweli ungemfanya yeye awe mlishaji wa mtoto yule, na sifa zote zingekuwa zake. Lakini katika kijiji kizima hakukuwa na kitu kingine kilichobaki kikiitwa cha Nanzia.

"Ndiyo," alisema. "Ni mkono wake. Inuka sasa, mwenzangu, utachafuka."

"Mshike basi. Mpe wewe, amalizie."

Niendiwe alimnyanyua mtoto akamweka kwenye mikono yake. Nakiete alimpokea, akaishika chupa kwa mkono wa kulia, na kabla maziwa hayajaisha kilio kikamshinda, akalia kwa sauti mbele yao wote. Hawakumnyamazisha. Mama Kiondo na Niendiwe waliamini analia kwa sababu amemwona binti yake.